Shajara ya ampu mbili za ami: kutafuta valvu za kubadilisha

11 Januari 2025: zimefika mezani

Ampu (vikuza sauti) ni mbili, kila moja ya upande mmoja wa stirio. Chesisi zake ni za bati nene, ami alizikata kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa fundi redio hapa Mombasa. Mchoro ni ule wa Mullard, kampuni ya Uingereza, uitwao 5-10, yaani valvu tano (mirija ya kioo inayoendesha ampu) kwa wati kumi. EF86 inapokea sauti, ECC83 inaigawa pande mbili zinazopingana, EL84 mbili zinaisukuma hadi kwenye spika, na EZ81 inaugeuza umeme wa transfoma uwe wa mkondo mnyoofu. Kwa ampu mbili, hesabu ni valvu kumi. Ami alipigia santuri za taarab sebuleni mpaka mwisho wa uhai wake, na mjane wake amenipa kwa sharti moja: zirudi sebuleni zikiimba.

Kwa sasa haziimbi vizuri. Ya kulia besi yake imelegea, na ukiongeza sauti kidogo mwimbaji anapasuka. Ya kushoto ina mkwaruzo kama mafuta kikaangoni, na mtu akipita karibu na meza inalia *ngiii* kwenye spika. Nimeamini nahitaji valvu mpya kumi. Naandika hatua zote hapa, na gharama zake, kwa mwenye redio ya kabati au ampu ya gitaa anayetaka kufanya kazi hii hii.

Tahadhari kabla ya yote. Ndani ya ampu hizi mna zaidi ya volti 300, na kapasita kubwa hushikilia umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi huzima, huchomoa, husubiri, kisha humwaga umeme uliobaki kupitia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, na hupima tena kwa mita kabla ya kutia kidole. Nikilazimika kupima ikiwa imewaka, mkono mmoja hukaa mfukoni.

Kipimo cha kwanza kimenishangaza. Umeme wa nyumbani usiku ni volti 247, na waya wa transfoma umefungwa kwenye ncha ya 230. Nyuzi za joto za valvu, zinazotakiwa kupata volti 6.3, zilikuwa zikipata 6.75, nje ya asilimia 5 inayovumilika. Umeme wa juu, ule unaoendesha valvu zenyewe, ulikuwa volti 344 badala ya 320 hivi. Valvu zimepikwa hivyo kwa miaka. Transfoma ina ncha ya 250, nimehamishia waya huko na sasa nyuzi zina 6.2, umeme wa juu 316. Gharama: sifuri. Sauti ya kushoto imetulia kidogo kwa hatua hii tu, nami nilikuwa tayari nimeshaagiza valvu.

Halafu nikapima volti kwenye kathodi za EL84 (kathodi ni sehemu ya valvu inayotoa elektroni). Kila moja ina rezista yake ya omu 270, kwa hiyo gawanya volti kwa 270 upate mkondo. Kushoto: 10.7 na 10.4. Kulia: 10.6 na 7.0. Yaani tatu zinapitisha karibu miliampea 39 kila moja, ya nne 26 tu. Nikaiandika ya nne kuwa imechoka. Kweli ilikuwa imechoka, lakini nilisoma nusu ya habari.

25 Januari: valvu mpya imekuwa nyekundu

EL84 nne zimefika, za kampuni ya JJ kutoka Slovakia, zimepimwa kiwandani kuwa pacha, yaani zinapitisha mkondo sawa. Pamoja na usafiri na ushuru: shilingi 9,800.

Nimezitia. Kushoto sawa. Kulia, baada ya dakika kama nane, sahani ya anodi (inayopokea elektroni) ya valvu moja imeanza kuwaka rangi ya kaa la moto ubavuni. Niliwahi kupima kathodi kabla ya kuzima: volti 17. Ni miliampea 63, na kwa volti 299 zilizobaki kati ya anodi na kathodi ni karibu wati 19. EL84 imepewa kikomo cha wati 12 kwenye anodi na 2 kwenye skrini, yaani gridi ya pili.

Wazo la kwanza lilikuwa kulaumu valvu. Nikahamisha valvu hiyo upande wa pili wa chesisi ileile, na iliyochukua nafasi yake nayo ikaanza kupanda. Kosa liko kwenye soketi, basi. Nikang'oa EL84 zote mbili, nikawasha, nikapima mguu wa 2, gridi ya kwanza, inayodhibiti mkondo wa valvu. Panatakiwa pawe na sifuri. Pana volti 9.

Kati ya ECC83 na gridi ya EL84 kuna kapasita inayopitisha sauti na kuzuia umeme wa mkondo mnyoofu. Hizi ni za karatasi, na unyevu wa pwani umeziingia miaka sitini. Ikivuja, gridi inapandishwa na valvu inafunguka kupita kiasi. Valvu ya zamani ilikuwa imedhoofika mno, ikasukumwa na gridi iliyopanda na bado ikafika miliampea 26 tu. Udhoofu wake uliuficha uvujaji. Nilipotia valvu yenye nguvu, ugonjwa ukajitokeza.

Nimebadilisha kapasita zote nne za kupitisha sauti, ampu zote mbili, kwa za polipropilini za volti 630 zenye thamani ileile. Na za kathodi pia, za mikrofaradi 50, kwa kuwa zilikuwa zimevimba. Jumla shilingi 1,650. Gridi zote sasa zinasoma sifuri, na kathodi za kulia 10.6 na 8.5. Ile 8.5 ndiyo iliyowaka nyekundu. Dakika ile moja imeila, si pacha tena wa wenzake. Besi ya kulia imerudi lakini bado haijasimama kama ya kushoto, kwa kuwa transfoma ya spika inataka pande mbili zivute sawasawa.

Anayefuata nyayo hizi apime mguu wa 2 bila valvu kabla ya kutia kitu kipya. Ni dakika tano. Mimi imenigharimu jozi nyingine ya pacha, shilingi 5,200.

15 Februari: ECC83 isiyowaka

Nikiwa nasubiri jozi hiyo, nilinunua valvu mbili za Kirusi kwa shilingi 700. Muuzaji aliziita mbadala wa ECC83. Kwenye kioo zimeandikwa 6Н2П. Nimezitia, hazitoi mwanga wowote, na ampu iko kimya.

Hazijafa. Ndani, 6Н2П inafanana sana na ECC83: ukuzaji karibu 100, miguu tisa, na miguu ya anodi, gridi na kathodi iko mahali palepale. Tofauti ni nyuzi ya joto. ECC83 ina nyuzi mbili za nusu-nusu. Kwa volti 6.3, mguu wa 4 na wa 5 huunganishwa pamoja, na umeme hupita kati yao na mguu wa 9. Nyuzi ya 6Н2П iko kati ya 4 na 5, na 9 ni ukuta wa kutenganisha nusu mbili. Kwa hiyo kwenye soketi ya ECC83 ncha zote mbili za nyuzi hupata umeme uleule, na hakuna kinachopita. Bahati ni kwamba hakuna kinachoungua. Unaweza kubadilisha waya za soketi, lakini siku yoyote mtu akitia ECC83 ya kawaida itakuwa kosa jingine. Nimeziweka kando.

Nimejaribu pia ECC81 niliyokuwa nayo, kwa kuwa nimesoma watu wakisifu kubadilisha aina ili kupata ladha. Katika mchoro huu haifai. Ukuzaji wake ni kama 60, inataka mkondo mkubwa kuliko unaoruhusiwa na rezista za pale, na ampu ikipungukiwa nguvu ya ndani inakosa pia sehemu inayorudishwa kutoka mwisho kwenda mwanzo kujisahihisha. Sauti ilipanuka kidogo na ikakosa ukali wa kukata. Zumari na fidla zilichanganyika. Mwenye ampu ya gitaa huenda akaupenda upotofu huo. Kwa santuri, sikuupenda.

ECC83 mbili za ami, nilizokuwa nimepanga kuzitupa, nimezipima volti za kila nusu. Zinalingana ndani ya asilimia 3. Nikalinganisha na JJ mpya ya kuazima kwa fundi mmoja wa Kibokoni, usiku mzima. Sisikii tofauti. Za ami zinabaki.

5 Aprili: valvu ya kwanza ndiyo inayosikika

Ramadhani imepita, nimerudi mezani. Jozi ya pili ya EL84 iko ndani, kathodi za kulia 10.6 na 10.5. Kilichobaki ni mkwaruzo na mlio wa kushoto.

Kwa kuwa ampu ni mbili zinazofanana, njia ya kutafuta ni rahisi: badilishana. Nilihamisha EF86 ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kushoto. Mlio wa *ngiii* umehama pamoja na valvu. Mkwaruzo umebaki kushoto. Kwa hiyo ni magonjwa mawili, na miezi mitatu nilikuwa nikiyahesabu kuwa moja.

Kuhusu mkwaruzo: sehemu yake ilikuwa soketi. Chumvi ya bahari imeacha ukungu wa kijani kwenye meno yake. Nimesugua kwa pombe ya isopropili na kijiti cha meno, kisha nikakaza kila jino kwa sindano. Umepungua, haukwisha. Uliokuwa umebaki ulitoka kwenye rezista ya anodi ya EF86, ya kaboni, iliyozeeka. Nimetia ya utando wa metali, shilingi 20. Kimya. Ningeweza kununua EF86 kumi na mkwaruzo ule ungebaki palepale.

Kuhusu mlio: hiyo ni valvu kweli. EF86 ina ukuzaji mkubwa na iko mwanzo kabisa, kwa hiyo kila inachotoa hukuzwa na valvu zote zinazoifuata. Vipande vya ndani vikilegea hutikisika na kugeuka kipaza sauti. Kipimo changu ni kuigonga polepole kwa ncha ya penseli isiyo na risasi, spika ikiwa imeunganishwa. *Tuk* fupi inakubalika. Ikiendelea kulia kama kengele, itoe.

Kununua EF86 nzuri ya zamani ni taabu. Zile za kiwanda cha Mullard cha Blackburn zina herufi B mwanzoni mwa mstari wa pili wa herufi hafifu zilizochongwa chini ya kioo, na bei yake peke yake ingelipia nusu ya mradi. Jina Mullard kwenye boksi jipya ni jambo tofauti: hizo hutengenezwa Saratov, Urusi, kiwanda kilekile kinachotoa Sovtek, Electro-Harmonix na Tung-Sol za leo. Si vibaya kuzinunua, ila ujue unachonunua. Bei za valvu zote zilipanda Machi 2022 Urusi ilipositisha kwa muda kuziuza nje, na sijaona zikishuka kurudi zilipokuwa.

Nimechagua 6Ж32П, ya Kirusi ya akiba ya zamani. Ni EF86 kwa miguu yote na nyuzi ya joto, nimethibitisha mguu kwa mguu safari hii kabla ya kulipa. Nimenunua sita nikijua nahitaji mbili: shilingi 7,400 pamoja na usafiri.

Nimepima kila moja ampu ikiwa imefungwa mdomo, yaani waya wa kuingiza sauti umeunganishwa na ardhi, mita kwenye spika, volti za mkondo geu. Milivolti: 2.1, 1.9, 6.3, 2.4, 11.0, 2.6. Kisha penseli. Ya 1.9 ilikuwa kimya kwenye mita lakini ililia ilipogongwa. Nimechagua ya 2.1 na ya 2.4. Za 2.6 na 1.9 ni akiba, mbili zilizobaki hazifai mahali hapa. Mbili zilizo nzuri kabisa kati ya sita: nawashauri mhesabu hivyo mnapopanga bajeti.

Pete za mpira zinazovalishwa shingoni mwa valvu nimezijaribu pia. Sikuona zikibadilisha kitu. Kilichosaidia ni kung'oa soketi ya EF86 na kuifunga upya juu ya vipande vinne vya mpira wa tairi la ndani la baiskeli, na waya zake nikaziacha zilegee kidogo ili zisipitishe mtikiso. Sasa watoto wanakimbia sebuleni na spika haisemi neno.

Usiku ule niliweka santuri moja ya lebo ya Mzuri, iliyotolewa hapa hapa Mombasa. Kati ya ubeti na ubeti, mahali ambapo zamani kulikuwa na mvumo, nimemsikia mpiga udi akivuta pumzi.

10 Mei: kusikiliza bila kuona

Nimeuliza swali lililoniingiza katika mradi huu: EL84 ipi ina sauti bora? Ninazo jozi tatu za kulinganisha. JJ mpya. 6П14П-ЕВ, EL84 ya Kirusi iliyotengenezwa kwa kazi ngumu, nne kwa shilingi 6,100. Na jozi moja ya ami, zile za kushoto, ambazo bado ni nzima.

Mara ya kwanza nilisikiliza nikijua kilichomo. Nikaandika daftarini: JJ nene chini, ya Kirusi kavu, ya ami tamu. Niliyaamini maneno hayo.

Baadaye nikatambua kwamba kila jozi ilikuwa na sauti kubwa kwa kiwango tofauti, na sikio hupenda iliyo juu hata kwa kiasi kidogo. Nikachukua mlio wa hezi 400 kutoka kwa simu, nikarekebisha kila mara mpaka mita ya spika isome volti 1.00, kisha nikatoka chumbani. Binamu yangu alitia valvu, akazifunika kwa kitambaa, na kuandika kwake. Mimi na mpwa wangu tulisikiliza dakika mbili-mbili, duru kumi na mbili, JJ dhidi ya Kirusi. Mpwa amepatia saba. Mimi sita. Ukirusha sarafu utapata hayo hayo. Za ami dhidi ya JJ: mimi saba.

Si kwamba valvu zote ni sawa. Mchoro huu hurudisha sehemu kubwa ya sauti ya mwisho mwanzoni ili kusahihisha makosa, na hilo hufuta sehemu kubwa ya tabia za valvu za mwisho zikiwa nzima na pacha. Kwenye ampu isiyo na urudishaji huo, kama zile za valvu moja tu ya mwisho, ningetarajia jibu lingine. Hapa tofauti ninazoweza kuzithibitisha ni mbili: EF86 tulivu dhidi ya EF86 yenye kelele, ambayo kila mtu nyumbani aliisikia hata akiwa jikoni, na EL84 pacha dhidi ya zisizolingana, inayosikika kwenye besi.

Nimeziacha 6П14П-ЕВ ndani ya zote mbili. Zimeundwa zidumu, na umeme wetu haubembelezi. JJ zimekuwa akiba.

7 Juni: EZ81, na ampu kurudi

Jaribio la mwisho nimelifanya kwa kuwa wengi hulipendekeza: kuondoa EZ81 na kutia dayodi za silikoni, ambazo ni shilingi 40 na hazizeeki. Nilitia upande mmoja. Umeme wa juu umepanda kutoka 316 hadi 343, kathodi za EL84 zimefika 11.6, na hesabu ikatoa zaidi ya wati 14 kwa kila valvu, skrini ikihesabiwa ndani. Ni juu ya kikomo. Pia umeme wote unafika papo hapo wakati valvu nyingine bado baridi. Nimezitoa siku ileile. EZ81 hupanda taratibu, na hilo huzipa nyingine muda wa kupata joto. Ukibaki nayo, kapasita ya kwanza baada yake isizidi mikrofaradi 50. Nilikuta mtu aliwahi kutia ya 100, nimeirudisha 47 kwa shilingi 350 kila ampu.

Matumizi yote, na yaliyopotea yamo: shilingi 31,610. Kama ningepima kwanza ningehitaji EF86 sita, kapasita, rezista moja na jozi moja ya EL84 kwa ajili ya kulia. Isingefika 16,000.

Vipimo nilivyobandika chini ya kila chesisi, kwa atakayezifungua baada yangu: transfoma ncha ya 250, nyuzi 6.2, umeme wa juu 316, kathodi za EL84 kati ya 10.3 na 10.7, mguu wa 2 sifuri, mvumo kwenye spika milivolti 2.4 au chini.

Zimerudi sebuleni kwa mjane wa ami leo jioni. Amekaa kwenye kiti chake, akataka upande wa pili wa santuri uchezwe kwanza. Nitapima tena kathodi baada ya miezi sita na kuandika hapa.